Herufi Moja kwenye Kisu cha Babu

Babu yangu ana kisu cha kukunja ambacho hamwazimi mtu yeyote. Ukitaka kukata kamba, atakukatia mwenyewe. Ukitaka kumenya muhogo, atakwambia nenda kwa mama yako uchukue kisu cha jikoni. Kisu chake kinalala mfuko wa ndani wa koti, kimeviringishwa kwenye kitambaa, na kila aliyewahi kukaa naye jioni nje ya nyumba ameshasikia habari yake: "Hii kisu iko ya baba. Baba aliikamata kwa Mujerumani, mwaka wa kumi na sita, pale Kigoma."

Mimi nimezaliwa hapa hapa Nyarugusu. Kwa mtoto aliyezaliwa kambini, kitu chenye miaka zaidi ya mia ni kama mlima. Nyumba yetu ya matofali mabichi ni mdogo wangu kwa umri. Turubai limebadilishwa, sufuria zimebadilishwa, hata mwembe wa uani nimeuona ukipandwa. Kitu pekee nyumbani kwetu ambacho kilikuwa chetu kabla ya kambi ni kile kisu. Kwa hiyo mwaka jana, kikundi chetu cha vijana kilipoanza kukusanya historia ya vitu vya nyumbani, kila mtu aje na kitu kimoja na maelezo yake, mimi sikufikiri mara mbili.

Visu haviruhusiwi kwenye jengo la vijana, na mimi ninayesimamia kikundi ndiye wa mwisho kuvunja sheria hiyo. Basi badala ya kisu kwenda kwa vijana, vijana walikuja kwa kisu. Tulikaa sita kwenye mkeka, babu kwenye kiti chake. Swali letu lilikuwa moja tu: je, kweli hiki ni kisu cha mwaka 1916?

Naandika tulivyofanya, kwa sababu najua nyumba nyingi hapa zina kitu cha namna hii: saa, redio, sarafu, msalaba wa shaba, na mzee anayesema "hiki ni cha zamani sana." Zamani ipi? Mara nyingi inawezekana kujua.

Tuanze na kisu chenyewe. Kisu cha kukunja kina sehemu chache. Kuna ubapa wenye makali. Kuna mpini wenye nafasi katikati ili ubapa uingie. Kuna ribiti, yaani kile kijimsumari ambacho ubapa unakizunguka. Kuna springi ya mgongoni inayoubana ubapa usichezecheze. Halafu kuna kipande kifupi cha ubapa karibu na ribiti, kisicho na makali. Sisi tulikiita shingo. Viwanda vingi hugonga mhuri wao hapo shingoni. Mtu anayejua visu vya zamani akipewa kisu hatazami makali kwanza. Anafungua, anatazama shingo.

Shingo ya kisu cha babu ilikuwa nyeusi tii. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu: wanachukua msasa au mchanga wanasugua mpaka ing'ae. Ukifanya hivyo umefuta historia, maana mhuri una kina kidogo sana. Sisi tulitia tone la mafuta ya kupikia, tukaacha usiku kucha, asubuhi tukafuta kwa kitambaa laini na mswaki wa zamani. Halafu tukasaga chaki, tukapakaza vumbi lake juu ya shingo na kufuta kwa kidole. Vumbi linatoka juu ya chuma lakini linabaki ndani ya herufi. Tukawasha tochi ya simu na kuiweka ubavuni, siyo juu, ili kila mkwaruzo utoe kivuli. Zikatokea herufi OKAPI. Chini yake GERMANY.

Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Mjerumani! Babu alicheka tu. "Niliwaambia nini?"

Sasa ningeweza kuishia hapo, na kwa kweli nilitaka kuishia hapo. Lakini kwenye kikundi tulikuwa tumekubaliana kwamba kila neno kwenye kitu ni lazima tulifuatilie. Nikaanza na neno la kwanza.

Okapi ni mnyama wetu. Porini anaishi Kongo peke yake, kwenye misitu ya kaskazini-mashariki kama Ituri. Wambuti wamemjua tangu enzi, ila wataalamu wa Ulaya walikuwa hawamjui. Mwingereza Harry Johnston, aliyekuwa mtawala Uganda, alipata kwanza vipande vya ngozi, baadaye ngozi nzima na mafuvu, akavipeleka London. Mwaka 1901 mnyama akapewa jina la kisayansi, Okapia johnstoni, na habari zake zikaenea Ulaya. Mwaka 1902 visu vyenye jina Okapi vikaanza kutengenezwa Ujerumani ili viuzwe kwenye makoloni yake ya Afrika. Yaani jina lilitoka msituni kwetu, likaenda Ulaya, likarudi kwetu likiwa limegongwa kwenye chuma, na tukaambiwa tulinunue.

Hapo nikajifunza jambo ambalo ndilo msingi wa kazi yote hii. Kitu hakikwambii kilizaliwa lini. Kinakwambia tu kwamba hakikuweza kuzaliwa kabla ya mwaka fulani. Kisu kilichoandikwa Okapi hakiwezi kuwa cha mwaka 1890, hata mwenye nacho aape kwa kaburi la mama yake, kwa sababu mwaka huo hakuna kiwanda Ulaya kilicholijua jina hilo. Tuuite huo ukuta wa nyuma. Ukishapata ukuta wa nyuma, unatafuta ukuta wa mbele: mwaka ambao baada yake kitu hicho hakikuweza kutengenezwa tena kwa namna hiyo. Kati ya kuta hizo mbili kuna chumba, na kitu chako kimo ndani ya chumba hicho. Kazi yote ni kukifanya chumba kiwe kidogo.

Njia hii inafanya kazi kwa visu vingi. Baadhi ya wafanyakazi wa mashirika wanatembea na kile kisu chekundu cha Uswisi chenye msalaba. Karl Elsener alifungua karakana yake huko Ibach mwaka 1884, na kisu cha maofisa alikisajili mwaka 1897. Mama yake aliitwa Victoria. Alipofariki mwaka 1909, jina lake likawa jina la bidhaa. Mwaka 1921 likaongezwa neno "inox", maana yake chuma kisichoshika kutu, ndipo likapatikana jina Victorinox. Kwa hiyo ukiona Victorinox limeandikwa lote, ukuta wako wa nyuma ni 1921.

Au chukua kisu cha Opinel cha Ufaransa, chenye mpini wa mti wa mviringo. Joseph Opinel alianza kuvitengeneza Savoie mwaka 1890. Alama ya mkono wenye taji ilisajiliwa mwaka 1909. Ile pete ya chuma inayozungushwa shingoni ili ubapa usijifunge ukakukata vidole ililetwa mwaka 1955. Mtu akikuletea Opinel yenye pete na kusema ni ya vita kuu ya pili, mwambie kwa heshima kwamba pete inakataa.

Chuma chenyewe nacho kinasema. Chuma kisichoshika kutu kwa ajili ya visu kilipatikana Sheffield, Uingereza, mwaka 1913, kwa kazi ya Harry Brearley. Kwa hiyo maneno kama "stainless", "inox" au "rostfrei" kwenye shingo yanakuambia uko upande huu wa mwaka huo. Mpini wa pembe, mfupa au mti haukusaidii sana, maana vimetumika zamani na vinatumika leo. Lakini mpini wa bakelaiti, ile plastiki ngumu ya mwanzo, hauwezi kuwa wa kabla ya 1907, mwaka ilipobuniwa.

Na kuna vitu vinavyodanganya. Kutu si kalenda. Kisu kikiachwa kwenye mtumbwi masika moja kinaweza kutoka kizee kuliko kile kilichokaa kabatini miaka hamsini. Ubapa kuwa mwembamba nao si umri. Ni kazi tu. Kinachochongoa samaki kila siku na kunolewa kwenye jiwe kila siku kinaisha upesi. Na matengenezo ndiyo yanayochanganya kuliko yote. Ribiti ya kisu cha babu si ya kiwandani. Ni kipande cha spoku ya baiskeli alichotia fundi mmoja hapa hapa kambini, mimi nikiwa shule ya msingi, namkumbuka. Hivyo ribiti ni ndogo kwangu kwa miaka mingi, na haisemi lolote kuhusu ubapa. Ni lazima kwanza utenganishe kilichotoka kiwandani na kilichoongezwa njiani.

Sasa turudi kwenye neno la pili, GERMANY. Mjerumani mwenyewe nchi yake haiiti hivyo, anaiita Deutschland. Kwa nini kisu chake kiandikwe Kiingereza? Sababu ni sheria za biashara. Mwaka 1887 Uingereza ilitunga sheria iliyofanya bidhaa nyingi za nje ziandikwe zimetengenezwa wapi, hasa ili watu wasidanganywe kwamba kisu cha Ujerumani ni cha Sheffield. Marekani ikafuata na sheria yake ya ushuru ya mwaka 1890, na kuanzia 1891 bidhaa zinazoingia huko zikatakiwa ziwe na jina la nchi zilikotoka. Ndiyo maana jina la nchi kwenye shingo ya kisu kwa kawaida linakuweka kuanzia miaka hiyo.

Mwaka 1916 ulikuwa bado umo ndani ya chumba. Nilifurahi. Nilikaa siku tatu nikifurahi.

Siku ya nne nilikuwa namwonyesha rafiki yangu picha niliyopiga kwa simu. Akaikuza kwa vidole, akauliza, "Huu mkwaruzo mbele ya G ni nini?" Nikasema ni mkwaruzo tu. Tulirudi kwa babu, tukapakaza chaki tena, safari hii tukaweka tochi upande wa kushoto badala ya kulia. Haukuwa mkwaruzo. Ilikuwa herufi W, na nukta yake.

W. GERMANY. Ujerumani Magharibi.

Kama hukumbuka somo la historia: baada ya vita kuu ya pili, Ujerumani iligawanyika, na mwaka 1949 zikawa nchi mbili. Zikaungana tena tarehe 3 Oktoba 1990. Kabla ya 1949 hapakuwa na nchi ya Ujerumani Magharibi ya kugonga jina lake kwenye kitu chochote. Kuhusu visu vya Okapi vyenyewe, jina lilinunuliwa na kampuni ya Afrika Kusini na kuanzia mwaka 1988 vikawa vinatengenezwa huko, siyo Ujerumani tena. Kwa hiyo chumba cha kisu chetu kilikuwa kati ya 1949 na 1988 au hapo karibu. Herufi moja, ndogo kuliko punje ya mchele, ilikuwa imekiondoa kisu cha babu kwenye vita ya mwaka 1916 na kukisogeza mbele kwa miaka isiyopungua thelathini na mitatu.

Nilinyamaza wiki mbili. Kijana mmoja kwenye kikundi alisema, kwa nia njema kabisa, "Kaka, si tuikwaruze tu hiyo W? Nani atajua?" Hakuna aliyecheka. Nadhani kila mmoja wetu alikuwa ameshalifikiria. Mzee amepoteza nyumba, shamba, makaburi ya wazazi wake yako ng'ambo ya ziwa, halafu mjukuu wake mwenyewe aje na chaki na tochi kumnyang'anya hata hadithi ya kisu?

Kilichonisaidia ni kwamba historia ya vita yenyewe ni ya kweli. Majeshi ya Kongo ya Wabelgiji yaliiteka Kigoma mwishoni mwa Julai 1916, na Tabora tarehe 19 Septemba mwaka huo huo. Nyuma ya askari walitembea wapagazi wengi mno kutoka Kongo, wamebeba risasi na chakula vichwani. Kwa hiyo mzee wa Fizi aliyefika Kigoma mwaka wa kumi na sita si uongo hata kidogo. Nikaamua sitamuuliza babu habari za kisu. Nitamuuliza habari za baba yake.

"Babu, baba yako alifika kwenye vita ya Mjerumani?"

"Alibeba mizigo mpaka Tabora. Alirudi na kovu hapa." Akajishika bega.

"Na wewe kisu ulikiona lini mara ya kwanza?"

Hapo akakaa kimya. Naona hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo. Akasema alikuwa mtoto wa kutosha kupiga kasia lakini si wa kutosha kuvuka ziwa. Baba yake alikuwa akivuka na wenzake kwenda Kigoma kuuza mafuta ya mawese. Siku moja walirudi jioni, na babu akawa mwaloni anashika kamba ya mtumbwi. Baba akashuka na chumvi ya Uvinza, kitambaa cha mama, "na hii kisu." Ilikuwa bado wakati wa Wabelgiji, akasema, maana uhuru ulipokuja yeye alikuwa tayari anatafuta mke.

Akanyamaza tena. Halafu akasema polepole, "Kumbe nilikuwa pale."

Hesabu mwenyewe. Chuma kilitupa ukuta wa nyuma: 1949. Kumbukumbu ya babu ikatupa ukuta wa mbele: uhuru wa Kongo, tarehe 30 Juni 1960. Chumba cha karibu miaka arobaini kikawa cha miaka kumi na moja. Chuma peke yake hakikuweza kufanya hivyo. Mzee peke yake hakuweza. Na lile neno la Kiingereza shingoni nalo likaeleweka, kwa sababu Kigoma ya miaka hiyo ilikuwa Tanganyika chini ya Waingereza.

Babu hakuwa amedanganya. Alikuwa na sentensi mbili za kweli: baba yangu alifika Kigoma kwenye vita, na baba yangu alitoka na kisu hiki Kigoma. Kwa miaka mingi ya kuhadithia, sentensi mbili zikashikana zikawa moja.

Hili ndilo ninalotaka kuwaambia wasomaji wa aina zote mbili.

Ndugu zetu mnaofanya kazi na sisi, mnaotuuliza maswali na kuandika majibu: kuna mama mmoja jirani yetu ambaye aliulizwa alikimbia lini, akasema "vita ya Kabila." Mara ya kwanza ikaandikwa 1996. Baada ya muda mtu mwingine akamuuliza, ikaandikwa 1998. Karatasi mbili zikatofautiana, na mama akabaki na wasiwasi kwamba ataonekana mwongo. Lakini vita zilikuwa mbili. Moja ilifika kwetu Kivu Kusini Oktoba 1996, nyingine ilianza Agosti 1998, na watu wa pwani ya ziwa wanaziita zote kwa jina la Kabila. Mama alikimbia kwenye ya kwanza, akarudi kulima, akakimbia tena kwenye ya pili. Sentensi mbili za kweli. Kabla ya kuandika kwamba mtu amejipinga, mbadilishie tochi upande. Usiulize "mwaka gani" tu. Uliza alikuwa na watoto wangapi wakati huo, nani alishika kamba ya mtumbwi, mahindi yalikuwa yamefikia wapi.

Na sisi wakazi: tusiogope kuulizwa, na tusiogope kuuliza wazee wetu. Mimi niliogopa kwamba ukweli utakifanya kisu kiwe kidogo. Kikundi chetu sasa kina kanuni tatu, na yeyote anaweza kuzitumia. Usisafishe kitu kwa nguvu. Andika anachosema mzee kwenye ukurasa mmoja, na kinachosema kitu chenyewe kwenye ukurasa mwingine, usichanganye mpaka mwisho. Na vikipingana, usiharakishe kumchagua mmoja awe mwongo. Rudi ukaulize swali lingine.

Jioni ya juzi wageni walikuja, na babu akatoa kisu kama kawaida yake. Nilikuwa ndani, nikatega sikio. "Hii kisu iko ya baba," akasema. "Baba alibeba mizigo ya vita mpaka Tabora. Hii alinunua nyuma yake, pale Kigoma. Miye niko mwaloni, nashika kamba, namuona anashuka nayo."

Mgeni mmoja akaomba akishike aone. Babu akakikunja, akakirudisha kwenye kitambaa.